Baa ya Kiingereza Haikuwa Nyeupe

Nyinyi vijana mnaoingia kwenye kazi ya rangi hapa Stockholm, huwa mnanipigia simu kuniuliza brashi gani ni nzuri na kampuni gani haisumbui watu na likizo. Leo siyajibu hayo. Leo nina hasira, na mstaafu akiwa na hasira hana wa kumfokea ila wale watakaomsoma.

Juzi nilishuka treni Mariatorget nikapita ile kona ambako zamani palikuwa na baa ya Kiingereza. Sasa ni ofisi. Nikachungulia dirishani. Meza nyeupe, viti vyeupe, taa nyeupe, na kijana mmoja na kompyuta yake amekaa pale palipokuwa na pipa la bia. Ukuta wa mbao unaougawa ukumbi nao ni mweupe. Huo ukuta ndio habari yangu. Nimeupaka rangi mara mbili katika maisha yangu, mara ya kwanza kwa mapenzi na mara ya pili kwa amri, na ile ya pili ndiyo mnayoicheka.

Ndiyo, najua mnaicheka. Kwenye harusi moja Fisksätra kijana mmoja alisema mbele ya pilau ya watu kwamba rangi ya ukuta ule inabambuka kama ngozi ya mgonjwa wa surua, kwa sababu Bi Zuhura, yaani mimi, alipoipaka alikuwa keshazeeka. Nilikuwa nyuma yake na sahani yangu. Niliendelea kula kwa heshima ya bibi harusi.

Kwanza niwaeleze baa hiyo ilivyokuwa, maana wengi wenu mmeikuta ofisi. Ilijengwa na tajiri mmoja Mswidi aliyekaa Uingereza ujanani akarudi na ugonjwa wa kutamani kila kitu cha kule. Akachukua ghorofa ya chini ya jengo la mawe la kawaida la Södermalm, akaligeuza. Mlango uliwekwa kwenye pembe ya jengo, mshazari, ili mtu anayetoka barabara yoyote kati ya zile mbili auone. Mbele kote palivikwa mbao za kijani kibichi kilichokolea. Vioo vya madirisha, nusu ya chini ilikuwa na ukungu uliochorwa majani, nusu ya juu ilikuwa wazi. Mwanga unaingia, jicho la jirani haliingii.

Ndani, kaunta haikuwa ukutani. Ilikuwa katikati, kama kisiwa, na ukuta wa mbao ukaugawa ukumbi pande mbili. Upande mmoja ulitandikwa zulia kwa ajili ya wenye makoti mazuri, upande wa pili sakafu ya mbao tupu kwa ajili ya wenye viatu vya kazi. Mhudumu yule yule, bia ile ile. Na kwenye upande wa zulia, juu ya kaunta, usawa wa uso wa mtu, kulikuwa na safu ya vidirisha vya mbao na kioo vinavyozunguka, vilivyoungwa na ule ukuta. Unakifungua, unaagiza, unakifunga. Msanifu wa majengo tuliyefanya naye kazi baadaye, Karin, ndiye aliyenieleza: bwana mkubwa aliweza kunywa jioni nzima bila mhudumu kuuona uso wake. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kwetu Tanga mwanamume akitaka kunywa kwa siri huzunguka nyuma ya nyumba. Mwingereza yeye alimwita seremala.

Lakini sikilizeni jambo hili, kwa sababu ndipo penye kiini. Baa nzima ilionekana ya mahogani, huo mti wa familia ya mkangazi wetu. Haikuwa mahogani. Ilikuwa msonobari mtupu, wenye mafundo kama mti mwingine wowote wa huku. Mahogani yote ilikuwa rangi.

Mimi nilikuja Uswidi kama mwanafunzi wa ufundi, nikitarajiwa kurudi nyumbani kufundisha wengine. Sikurudi. Hiyo ni hadithi nyingine na ina mwanamume ndani yake. Nikawekwa chini ya fundi mmoja mzee, Sixten, aliyekuwa akichora mti juu ya mti. Wenzake wote walimwita Sixten, hata wanafunzi. Mimi ulimi ulikataa. Nikamwita Mzee Sixten mpaka siku aliyokufa, na nadhani alipenda.

Kazi yenyewe ni hivi. Unaupaka msonobari rangi ya chini, ya udongo mwekundu. Ikikauka unapitisha juu yake maji ya rangi ya kahawia, na kabla hayajakauka unachora mishipa ya mti kwa chanuo la chuma, kwa brashi ndefu, kwa kitambaa, hata kwa kidole gumba. Halafu unaifunga kwa vanishi. Ile picha ya mti ni nyembamba kuliko karatasi ya kusokotea sigara. Bila vanishi, kitambaa chenye maji kinaiondoa yote. Likumbukeni hilo kila mnapoona mbao za zamani zinang'aa.

Sasa hayo maji ya rangi huchanganywa na bia. Sitanii. Bia iliyochacha, isiyo na povu, huushika unga wa rangi kama gundi nyepesi. Mimi mtoto wa chuo cha Kurani, siku ya kwanza nilikataa hata kuibeba ndoo. Sixten hakuudhika. Akajaribu siki kwa ajili yangu. Siki ilikubali, lakini ilikauka kabla mkono wangu haujafika nusu ya ubao. Mwisho nikaenda kwa shehe mmoja Mganda, aliyekimbilia huku enzi za vurugu za kwao, akiendesha basi siku za kazi na kutuswalisha Ijumaa.

"Unainywa?" akaniuliza.

"Siinywi, shehe. Naipaka ukutani."

Akafikiri kidogo. "Basi ukuta ndio utakaoulizwa."

Nikavaa glavu nikaendelea na kazi. Kilichobaki kwenye chupa Sixten alikishughulikia mwenyewe.

Makosa ya mwanzo mnayoyafanya nyinyi niliyafanya mimi. Mimi kosa langu lilikuwa kuchora vizuri mno. Kila mshipa ulikuwa umenyooka, kila nafasi sawa na mwenzake. Sixten akatazama, akachukua sifongo chenye maji, akafuta ubao wote. "Huu si mti," akasema. "Hiki ni kitambaa cha suruali." Mti, alinifundisha, hukumbuka kila ukame na kila tawi lililokatika, kwa hiyo mshipa mmoja haufanani na mwingine. Ukirudia mshipa ule ule mara mbili, mteja hatajua kilichokosewa, lakini hatakaa hapo kwa raha. Nilikaa miezi nikitazama meza za watu badala ya nyuso zao. Niliitwa mara kadhaa nikaona chakula kimepoa.

Tulifikaje kwenye ile baa? Miaka ile Waswidi walikuwa wameshikwa na homa ya kuvua vitu rangi. Kila mlango, kila kabati la bibi, lilitumbukizwa kwenye dawa kali mpaka libaki uchi, na uchi huo wakauita ukweli. Mwenye baa wa wakati huo naye akataka ukweli. Akaanza na upande mmoja wa ule ukuta wa mbao, upande wa wenye viatu vya kazi. Dawa ilipomaliza kula, akakuta mafundo ya msonobari yanamtazama. Akampigia Sixten akilalamika kwamba aliyejenga baa alimdanganya, hakuna mahogani hapa.

"Ulikuwa nayo mpaka jana," Sixten akamjibu.

Tuliichora upya, yeye na mimi. Upande wa zulia ulikuwa bado na kazi ya fundi wa kwanza, mtu ambaye hata Sixten hakulijua jina lake, na ilibidi upande wetu ufanane nao. Tulipomaliza, Sixten alimwita mteja mmoja asiye na habari ya ile dawa akamwambia atuonyeshe upande upi ni wa zamani. Akazunguka, akagusa, akanusa, akachagua wetu. Sijawahi kusifiwa hivyo tena.

Sixten alipofariki nilianza kuzihesabu kazi zake mjini jinsi zinavyopotea. Ngazi za jengo moja Vasastan, zimepakwa kijivu. Milango ya ukumbi fulani, imetupwa, pametiwa vioo. Kila nilipokwenda kuonyesha watu, nilikuta weupe. Mpaka ikabaki ile baa peke yake, na ndani ya baa, ule ukuta. Kwa hiyo mnaelewa nilivyojisikia kampuni yetu ilipopewa kazi ya kuigeuza baa kuwa ofisi, nami nikiwa nakaribia kustaafu.

Msimamizi wa mradi, kwa niaba ya wenye jengo, alikuwa Deo. Deo ni Mhaya wa Bukoba, alikuja kusoma uhandisi akapanda mpaka akawa mtu wa kofia safi. Simchukii, na hilo linanizidishia hasira. Alipofiwa na baba yake, msiba ulikaa sebuleni kwangu Bredäng, na yeye akalala kwenye kochi langu kwa sababu hakutaka kulala peke yake. Kila asubuhi kazini alinisalimia shikamoo kabla ya kumsalimia mtu mwingine yeyote.

Ukuta ule ulilindwa na jiji. Huwezi kuubomoa, na Karin alilipigania hilo kwa kalamu yake yote. Kaunta ikaondolewa, dari ya chini ikaondolewa ili mabomba ya hewa yapite, zulia likaondoka, vidirisha vikagandishwa kwa gundi. Ukuta ukabaki, lakini ulinzi wa jiji haukutaja rangi yake. Kikao kikaitishwa kuamua ufanywe nini.

Karin akasema usafishwe tu, uachwe ulivyo, akaeleza sababu vizuri kuliko ninavyoweza kuwaeleza mimi. Deo akamsikiliza kwa adabu zote, akasema mpangaji anataka mwanga.

"Basi ufunikeni," nikamwambia Deo kwa Kiswahili. "Wekeni ubao mwembamba mbele yake, mpake huo. Funika kombe mwanaharamu apite. Wakihama, mnautoa."

Hapo, vijana, nilikuwa nasema jambo ambalo kila fundi wa mji huu analijua. Miaka ya nyuma watu walipigilia mbao laini za kiwandani juu ya milango ya zamani kwa sababu waliiona imepitwa na wakati. Tuliwacheka sana. Na leo ukizing'oa, unakuta mlango chini yake mzima, na rangi yake. Waliofunika waliokoa kuliko waliopenda.

"Mama, mpangaji anataka zile mbao zionekane," Deo akasema. "Anasema zina historia."

"Zionekane?"

"Ndiyo. Lakini ziwe nyeupe."

Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. "Deo, mwanangu," nikasema, "hiyo historia ni rangi. Ukiipaka juu, umebaki na msonobari wenye umbo."

Kisha akageukia meza, akaingia Kiswidi: "*Zuhura, vi kör på vitt.*" Yaani tumeamua, ni nyeupe.

Mnaijua hali hiyo. Kwa Kiswidi mimi si mama wa mtu. Kila mtu ni jina lake na *du*, yaani wewe, na sina ugomvi na hilo. Lina faida kubwa siku unapotaka kumwambia bosi amekosea. Lakini Deo hakuhama lugha ili wenzetu waelewe. Walikuwa wameshaelewa kwa kututazama nyuso. Alihama kwa sababu kwa Kiswahili asingeweza kunikatalia mbele za watu, na yeye alijua, na mimi nilijua.

"Niambie hivyo kwa Kiswahili," nikamwambia.

Akakusanya karatasi zake, watu wakaenda kunywa kahawa. Nilidhani nimeshinda. Niliwaza kwamba mtu asiyeweza kulitamka jambo kwa lugha anayonisalimia nayo, basi hatalifanya.

Kesho yake akaja peke yake, mapema, kabla ya mafundi wengine. Nilikuwa nakoroga rangi ya madirisha.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba."

"Mama, nimekuja kukuomba. Nakuomba kama mwanao. Uupake mweupe wewe. Usipoupaka wewe watamleta mtu wa mashine, atausugua mpaka kwenye mti, na sitaweza kumzuia."

Nilitamani kumpiga na mwiko wa rangi. Kikaoni aliiweka heshima pembeni ili anikatalie, na sasa amerudi nayo ameikunja vizuri mikononi, ananifunga nayo. Ungemkatalia vipi mtoto aliyekusalimia hivyo? Nimeishi nje ya Tanga miaka mingi kuliko niliyoishi ndani yake, na bado sikuweza.

Lakini alikuwa amesema jambo moja la kweli bila kukusudia. Mtu wa mashine angekuwa fundi mzuri. Angeosha, angesugua, angefuta vumbi, angeweka rangi ya kushikia, ndipo nyeupe, na kazi yake ingedumu kuliko sisi sote. Fundi mzuri ndiye angeuua ukuta ule.

"Sawa," nikamwambia Deo. "Nitaupaka."

Mnajua wenyewe, ni somo la kwanza: vanishi ya zamani haipakwi rangi mpaka iondolewe mafuta na mng'ao wake uuawe kwa msasa. Usipofanya hivyo rangi haishiki. Inakaa juu kama utando wa maziwa. Na baa yenye moshi wa sigara wa miaka na miaka ina mafuta ya kutosha kukaangia. Mimi sikuosha. Sikusugua hata mahali pa ukubwa wa kiganja. Nilipitisha kitambaa kikavu, nikachukua brashi laini kuliko zote nilizonazo, nikapaka nyeupe, ikakauka, nikapaka tena. Ilipokauka ilikuwa safi mno.

Karin alipita. Akaupitisha ukucha wake kwenye ukingo wa mbao, polepole, mahali ambapo msasa huacha mikwaruzo yake. Hakuna mikwaruzo. Akanitazama.

"Umefanya kazi nzuri, Zuhura," akasema, akaenda zake.

Wenye jengo wakakagua, wakapitisha. Deo akanishukuru mara nyingi. Kampuni ikaniaga kwa keki ya kijani na hotuba kuhusu usafi wa kazi zangu.

Na ndipo rangi ikaanza kubambuka. Kwanza kwenye bawaba za vidirisha, kisha pale migongo ya viti inapogusa, na madoa ya njano ya moshi yakajitokeza penye weupe. Jina langu likaanza kutembea. Siwadanganyi, inauma. Nimefanya kazi hii tangu nikiwa msichana, hata ukuta wangu mmoja haujawahi kurudiwa, na sasa natajwa karamuni kama mfano wa kazi mbovu. Mara mbili nilitaka kusema. Nilinyamaza kwa sababu mtu akijua kilicho chini, mpumbavu mmoja atataka kukivua ili aone ukweli.

Leo nasema kwa sababu ya simu ya juzi hiyo hiyo, nilipokuwa nimerudi nyumbani na hasira zangu za dirishani. Aliyepiga nitamwita Neema. Jina lake silitaji. Ni binti wa watu wa Bukavu, jirani zangu, mimi ndiye niliyemfundisha kushika brashi. Yuko kwenye miezi ya majaribio kazini.

"Maman Zuhura, niko hapa ku bureau moja ya Södermalm," akasema kwa Kiswahili cha kwao, ambako ofisi ni bureau na bosi ni chef. "Kuko ukuta ya mbao, rangi iko natoka yenyewe. Chef anasema nisugue yote na mashine, nipake upya. Nianze na msasa gani?"

Niliujua ni ukuta upi. "Usiguse mashine. Vuta kwa kucha, polepole, sehemu ndogo."

Nikasikia sauti ya kitu kinachovutika.

"Maman. Huku chini kuko mti mwingine."

"Si mti. Ni bia."

Nikamweleza yote niliyowaeleza nyinyi, Sixten na chanuo na Deo na shikamoo yake. Wenye jengo hawatayasoma haya ninayoandika, hawajui Kiswahili. Deo anasoma, asome. Neema alisikiliza mpaka mwisho.

"Kesho chef atakuja kuangalia," akasema. "Ikiwa nyeupe safi, atafurahi. Lakini nisiposugua itatoka tena, na itaitwa kazi yangu. Watasema sijui kazi."

"Watasema."

"Na wanaweza kunitoa."

"Wanaweza."

Sikumwambia afanye nini. Nimeshawahi kuombwa na mtu nisiyeweza kumkatalia, na nilijua kwamba nikimwomba Neema, hataweza. Nikakaa na simu sikioni, na kila kitu cha Sixten kilichobaki katika mji huu kikiwa mbele ya macho yake na si yangu. Nikasikia mashine ikiwekwa sakafuni.

"Maman, hii nyeupe nipake mara moja ama mara mbili?"

"Mara mbili," nikamwambia.

Itabambuka tena, na safari hii mtasema Neema ndiye asiyejua kazi. Amekubali mseme.